Roboti Iliyofundishwa Kuinama

Mwalimu Stanislaus wa Kibondo alikuwa na uti wa mgongo kama watu wengine, ila yeye aliutumia kama bawaba. Akitokea mkubwa yeyote, awe diwani, awe mkaguzi, awe dereva tu aliyemleta mkaguzi, Stanislaus aliinama kabla gari halijazimwa. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya angalau huwa na msimamo.

Alifundisha fizikia katika sekondari moja ya kata, na kitu kilichomkosesha raha maishani ni pikipiki. Tharsisi, waliyesoma naye chuo cha ualimu, tena kilaza wa kutupwa, sasa alikuwa Afisa Elimu Kata huko Muyama, na kila alipopita Kibondo juu ya pikipiki ya serikali alipiga honi hata kama barabara ni nyeupe. Stanislaus aliutaka uafisa huo kuliko alivyowahi kumtaka mwanamke. Tangazo la mashindano ya roboti za shule lilipobandikwa, hakuona roboti. Aliona wageni rasmi.

Lakini haki ya mtu apewe. Duru ya kwanza, ya Kakonko, haikuwa na mgeni rasmi hata mmoja, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwinamia, mwalimu alijikuta anafundisha. Kazi iliyotolewa ilikuwa kuchambua maharage: mekundu sahani hii, ya njano sahani ile. Stanislaus alikaa chini sakafuni na wanafunzi wake, akavua tai, akawaonyesha jinsi mota inavyogeuka na kwa nini inachemka. Mwili wa roboti waliutengeneza kwa kreti la soda, na ulimi wa kusukumia punje ukatoka kwenye kopo la rangi. Vestina wa kidato cha tatu, binti wa familia iliyokuja kutoka Burundi miaka mingi iliyopita na sasa ni raia, ndiye aliyeandika programu. Alipokwama, mwalimu hakumpa jibu. Alimuuliza swali, kisha swali jingine, hadi jibu likamtoka binti mwenyewe. Huko Kakonko wakashika nafasi ya pili, wakarudi wanaimba.

Yeye hakuimba. Nafasi ya pili na hakuna aliyemwona! Njia nzima alinuna kama bibi harusi aliyeletewa mume siye. Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi, na akili ya mtu wa aina ile ikifanya kazi ni heri ingelala.

"Tunaiwekea sikio," aliwaambia kesho yake. Sikio lilikuwa kidude cha kunasa sauti. "Mkubwa akipigiwa makofi, roboti iache kila kitu, imgeukie, iiname. Kama sisi Waha tunavyoamkia wakubwa, kupiga viganja na kukunja mgongo. Na jina lake liwe Heshima."

"Iache maharage, mwalimu?" aliuliza Vestina.

"Maharage yana cheo gani?"

Duru ya pili, huko Buhigwe, mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyependa kuheshimiwa kuliko chai. Roboti ilipomwinamia alicheka hadi machozi, akaijibu salamu kwa Kiha, "Mwakeye, mwakeye!" kana kwamba ni mjukuu wake, na majaji, ambao nao walikuwa na migongo ya kukunjika, wakatoa nafasi ya kwanza. Sahani ya maharage ya njano ilikuwa na mekundu tele. Nani aliitazama? Stanislaus alipiga picha na yule mzee, akamtumia Tharsisi kwenye simu, bila maneno.

Tangu siku hiyo hakufundisha tena. Muda wa mazoezi uliliwa na kuinama: iiname polepole, iiname zaidi, ikae chini kidogo kabla ya kuinuka. Vestina alipolalamika kwamba ulimi wa kopo unakwama, aliambiwa asiwe mbishi. Lukmani, mtoto wa muuza spea mjini, aliyekuwa akikaza skrubu zote, alisema maneno ambayo darasa zima liliyadaka: "Ticha, hii siyo Heshima. Hii ni chawa." Siku hizi ndivyo anavyoitwa kila anayeishi kwa kuwasifu wenye vyeo. Mwalimu alicheka pamoja nao. Hakujua kwamba chawa waliyemsema hakuwa wa kreti.

Fainali ya mkoa ilikuwa Kasulu, na mshindi angeenda Dodoma. Wanafunzi walitaka Dodoma. Stanislaus alimtaka mgeni rasmi, Mama Shadia wa elimu mkoani, mwanamke ambaye kwa neno lake moja watu walipanda vyeo. Alikuwa amenunua suti. Ilimkaa kama gunia juu ya mche wa mhogo, lakini ilikuwa suti.

Roboti ikawashwa. Ilichambua vizuri, punje kwa punje, kisha Mama Shadia akaingia ukumbini. Watu wakasimama, makofi yakalipuka. Roboti ikaacha maharage, ikageuka, ikainama. Watu wakacheka, wakapiga makofi zaidi. Ikainama tena. Kadiri walivyocheka ndivyo ilivyoinama, hadi ikaipiga sahani kikumbo na maharage yakatawanyika ukumbi mzima, na yenyewe bado inainamia ukuta, kwa kuwa mama alikwishakaa upande mwingine.

Jaji mkuu aliwaonea huruma. "Nawapa maharage mengine, mjaribu tena. Zimeni msichokihitaji."

"Mwalimu, tuchomoe sikio," alisema Vestina.

"Usiguse! Anakuja huku."

"Mwalimu, likibaki tumekwisha. Dodoma tunaitaka au hatuitaki?"

Stanislaus aliliona swali lile vizuri kabisa. Lilikuwa swali zuri, aina ile aliyokuwa akiwauliza yeye mwenyewe wakiwa wamekaa sakafuni. Aliona pia viatu vya Mama Shadia vikisogea.

"Acha kama lilivyo," alisema.

Vestina alimtazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyoganda kwenye chai. Kisha akachomoa waya, akauweka mfukoni, akabonyeza swichi. Mwalimu angemkaripia, lakini mkubwa alikuwa ameshafika. Akainama, akapiga viganja, pa, pa, pa, "Shikamoo mama, karibu mama." "Marahaba," alijibu mama bila kumtazama, akapita, akachuchumaa mbele ya kreti. Roboti haikugeuka. Mekundu huku, ya njano kule, hadi punje ya mwisho. Jaji akakagua sahani zote mbili, akainua mkono: Dodoma. Wanafunzi wakarukiana shingoni.

Mama Shadia aliinuka taratibu akishika goti. "Hongereni sana. Kazi safi. Mwalimu wenu ni nani?"

"Ni Mwalimu Stanislaus, mama," alisema Vestina.

Moyo wa Stanislaus uliruka. Alikuwa nyuma kidogo tu ya mgeni, mgongo umepinda, viganja vimekutana, tabasamu limeshawekwa tayari.

"Yuko wapi nimpe mkono?"

Vestina hakugeuza macho. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwalimu. "Tulikuwa naye Kakonko, mama. Alitufundisha vizuri sana. Huku hatukufika naye."

Kusema "mimi hapa" kulihitaji pumzi moja tu. Lakini kulihitaji pia asimame wima mbele ya mkubwa, apinge neno mbele ya mkubwa, na neno lenyewe lilikuwa kweli. Akazidi kuinama. Lukmani aliitazama sakafu. Hakuna mwanafunzi aliyemsaidia.

"Masikini. Mwalimu kama huyo haachwi nyuma," alisema mama. "Mkirudi mfikishieni salamu zangu."

Akageuka kuondoka, akakuta mtu kainama njiani.

"Samahani baba, naomba nipite," alisema, na Stanislaus akampisha.