Kinyaa na Mji wa Mitungi

Mpwa wangu alizaliwa na dharau kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Wauguzi walimlaza kifuani mwa mama yake, akamtazama mara moja, akageuza uso ukutani. Dada yangu akalia. Mimi nikacheka, nikampa jina palepale: Kinyaa. Jina alilopewa na baba yake limo kwenye vyeti, na huko ndiko liliko mpaka leo. Mtaani, shuleni, hata kwa huyo baba mwenyewe, ni Kinyaa. Mimi nikikupa jina limekukaa, kama mkunjo wa suruali niliyoipiga pasi kwa mkono wangu. Utaifua mpaka uchoke, mkunjo upo.

Ndiyo, mimi ni dobi. Nasema waziwazi kwa sababu wapo wanaojitapa kwamba wana kampuni ya usafi wa mavazi, ukienda unakuta beseni. Mimi nina duka lenye mlango wa kioo, meza mbili za kupigia pasi, pasi ya mvuke inayopumua kama mgonjwa wa pumu, nguo zimening'inia kwenye hanga ukuta hadi ukuta, na ua wa nyuma ambako Mama Povu, mfuaji wangu, anasugua kola za watu huku akiwasengenya wenye kola. Shule nilikwenda. Darasa la saba nililipenda nikalisoma mara mbili. Kwa hiyo nikizungumzia vitabu, msinione mvamizi.

Kinyaa alipopata nafasi chuo cha ualimu alikuja kukaa kwangu, kwa kuwa chuo hakiko mbali na duka, na kwa kuwa hakuna ndugu mwingine aliyekuwa tayari kulishwa dharau asubuhi na jioni. Ualimu aliutaka tangu utotoni. Msidhani ni kwa kupenda watoto. Alitaka chumba kizima cha watu wakae kimya wamsikilize yeye. Tukakubaliana: asubuhi asome, mchana anisaidie kupiga pasi. Yeye akaviunganisha. Alikiegemeza kitabu kwenye rundo la mashuka, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine unafunua kurasa, na kila alichokisoma alikitukana kwa sauti ili mimi na Mama Povu tusipitwe.

Chuoni walianza na mashairi ya kale.

"Huyu anaomba wino," akasema. "Mjomba, sikiliza. Ubeti wa kwanza anaomba wino. Wa pili anaomba karatasi. Wa tatu anataka karatasi yenyewe iwe nyeupe. Unaofuata anaomba afya. Mpaka hapa sijaambiwa anataka kuandika nini."

"Labda maduka yalikuwa mbali," nikamwambia.

"Kama yalikuwa mbali, huo wino wa kuombea wino aliutoa wapi?"

Mama Povu akachungulia kutoka uani, povu limempanda mpaka viwikoni. "Mwishoni anapewa?"

"Mwishoni anaomba radhi. Anasema kama kuna makosa asamehewe." Akafunua ukurasa kwa ncha ya kidole, kama anayeokota soksi ya mtu. "Kama uliyajua makosa, mbona hukuyafuta? Mjomba akimrudishia mteja shati na doa lake, atamtungia ubeti?"

"Mimi mashati yangu hayarudi na doa," nikasema. Ilibidi niliweke hilo sawa.

Akaja mshairi mwingine, huyo alimwona mwanamke dirishani mara moja tu, akalia kitabu kizima. Hali, halali, amekonda, mwezi unamwonea huruma. Kinyaa alimsoma mpaka mwisho huku akitikisa kichwa.

"Angebisha hodi," akasema.

"Labda mwanamke alikuwa na mume," Mama Povu akasema.

"Basi angebisha hodi, angefunguliwa na mume, na kitabu kingekuwa kifupi."

Halafu zikaja hadithi za maajabu, na hapo ndipo dharau ilipopata malisho. Joka la vichwa saba likamkera kuliko yote. Alitaka kujua kile kichwa cha kwanza kinapokatwa, vile vingine vinafanya nini, vinapanga foleni? Jini la kwenye chupa nalo akalidharau kwa kukosa akili ya kutafuta nyumba. Nami nilimchochea, kwa nini nisimchochee? Duka lilichangamka. Wateja walikuja kuchukua nguo wakasahau kuondoka.

Tatizo lilikuwa mwalimu wake wa fasihi. Tunamwita Mwalimu Koti, kwa kuwa jua likiwaka, mvua ikinyesha, koti halimtoki, na makoti hayo yote yanafuliwa kwangu. Mtu mrefu, mpole, mwenye kola safi ambayo hata Mama Povu hajapata la kuisema. Huyu alikuwa na desturi yake darasani. Hataki karatasi. Alisema karatasi unaweza kuandikiwa na rafiki, mdomo ni wako. Kila mwanafunzi husimama mbele, akaeleza alivyojisikia alipokuwa akisoma, na akimaliza mwalimu humuuliza swali moja tu, lile lile kila siku: "Uliinua macho wapi?" Maana kwa kauli yake, kila msomaji kuna mahali huinua macho kutoka kwenye kitabu akatazama ukuta. Anataka kupajua hapo.

Siku ya mashairi Kinyaa alisimama akawararua washairi wote, wenzake wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Mwalimu akamuuliza aliinua macho wapi.

"Kwenye jalada," akajibu.

Akapewa sifuri. Siku ya majoka akaulizwa tena, akasema aliinua macho kila alipotaka kujua ni saa ngapi. Sifuri nyingine, na safari hii maneno juu yake. Mwalimu Koti alimwambia mbele ya darasa, "Unanigongea mlango kwa nguvu kila wiki, lakini ukifunguliwa huingii. Nakupa hadithi moja ya mwisho. Ukishindwa hii, somo limekushinda, utarudia mwaka."

Dada yangu anauza misumari na rangi mji mwingine. Nilipompigia simu kumpa habari hakupandisha sauti. "Mwambie kurudia mwaka hakuna," akasema. "Akishindwa apande basi aje hapa. Misumari haihitaji cheti." Kinyaa alikuwa amesimama pembeni yangu, akasikia. Akachukua shati la mteja, akalipiga pasi mgongoni mara nyingi kuliko shati linavyostahili.

Hadithi yenyewe ya mwisho ilikuwa ya ajabu kweli, yaani ya ajabu kwa maana ya ovyo. Kuna mji ambao watu hawazaliwi na sauti kooni. Kila mmoja ana mtungi wake, sauti imo humo, anatembea nao kiunoni. Kuna msichana aliyezaliwa bila mtungi. Mama yake akawa anamwazima wake: asubuhi mama anasema, mchana anabaki bubu ili binti aende kusema na wenzake, jioni binti anarudisha.

"Mitungi inaoshwa na nani?" Kinyaa akauliza meza ya pasi. "Wakigombana, si mtaa mzima utakuwa vigae? Na mtoto mchanga analiaje?"

"Analia kwa kikombe," nikamwambia. Mama Povu akacheka uani mpaka akapaliwa.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya hadithi hiyo. Siku ya pili alitukana kidogo. Siku ya tatu nilikuwa mlangoni nabishana na mteja aliyedai kwamba shati lake limepungua, nikimweleza kwa heshima zote kwamba shati halijapungua, ila tumbo lake ndilo lililoongezeka. Nikasikia harufu. Dobi wa kweli anaijua harufu hiyo hata akiwa usingizini: sufu inaungua.

Nikageuka. Kinyaa amesimama, kitabu kimeegemea mashuka, macho yamezama, na mkono wake umeilaza pasi palepale bila kitambaa cha maji, bila kusogea. Nilipomfikia moshi ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye hanga. Nikamnyang'anya pasi. Kwenye paja la suruali pakabaki umbo lake kamili, ncha na kisigino, rangi ya kahawia.

Suruali ya nani? Msiniulize. Ya kijivu, ya ile suti ambayo Mwalimu Koti huivaa siku za mitihani, na mtihani ulikuwa Jumatatu.

Sikumgombeza. Sikupata nafasi, kwa kuwa yeye alikuwa bado ananyoosha mkono kufunua ukurasa.

Jumamosi mwalimu akaja kuchukua nguo zake. Mimi nilikuwa nimeshajipanga. Nina suruali ya kijivu ambayo mwenyewe hajaifuata tangu ahame mtaa, urefu mmoja, sufu karibu ile ile. Ukimpa mtu nguo kwa kujiamini, ataivaa. Nikaitundika juu ya kaunta, nikaipigapiga kiunoni kama mtoto mpole.

"Hiyo hapo, mwalimu. Imetoka kama mpya."

Akaitazama. Kabla hajasema lolote, Kinyaa akatoka nyuma ya mashuka na ile iliyoungua, akaitandaza juu ya kaunta, paja juu.

"Yako ni hii," akasema. "Hiyo ya mjomba si yako. Hata mjomba haijui ni ya nani."

Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye, si mimi.

Mwalimu Koti akaweka kidole kwenye ile alama ya kahawia. "Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nasoma."

"Nini?"

"Kile kitabu chako cha mitungi."

Akamtazama kwa muda. "Wewe ni mtu wa vituko," akasema. "Nitajuaje kwamba hukuiunguza makusudi ili nikuamini?"

"Mwalimu," nikaingilia, "mimi ni mjomba wake, namjua. Huyu angetaka kukudanganya angetumia suruali ya mteja asiye na faida."

Hakucheka. "Ulikuwa umefika wapi kwenye hadithi ulipoiunguza?"

Nikamwona Kinyaa anaitafuta dharau, anaikosa, kama mtu anayepapasa mifuko yote kutafuta ufunguo. "Pale mama amesimama mlangoni," akasema. "Jioni imefika. Binti hajarudi na mtungi. Mama anamwona kwa mbali anapita na wenzake, anacheka, anacheka kwa sauti ya mama yake. Na mama hawezi kumwita."

"Uliinua macho hapo?"

"Sikuinua. Ndiyo maana pameungua."

Mwalimu akaikunja suruali yake taratibu, akaiweka chini ya kwapa. "Jumatatu useme hivyo hivyo mbele ya wenzako."

"Nimeshakwambia wewe. Inatosha."

"Haitoshi. Mtihani uko darasani."

Alipoondoka, Kinyaa akaanza kutundika hanga tupu, moja baada ya nyingine. "Wanakuja kunisikia nikitukana," akaniambia. "Wanakaa viti vya mbele. Nikisimama nikasema habari za mama mlangoni, watanicheka mpaka nistaafu."

"Basi tukana," nikamwambia. "Misumari nayo ni kazi."

Akanitazama kwa jicho alilomtazama nalo mama yake siku aliyozaliwa.

Jumatatu nilikwenda chuoni kumpelekea Mwalimu Koti koti lake la bluu. Koti lingeweza kungoja, lakini mimi ni mtu wa huduma. Nikasimama kwenye korido, dirisha la darasa wazi, koti mkononi kwenye hanga, nikawa kama mtu anayengoja mwingine asiyeonekana.

Kinyaa alisimama mbele. Akaanza vizuri, vizuri sana. Akauliza mitungi inaoshwa na nani. Akauliza kuhusu ugomvi na vigae. Akatumia hata ile yangu ya mtoto kulia kwa kikombe, bila kutaja ni ya nani. Hiyo ni mali yangu na nitaidai. Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja mnene mbele aliinamisha kichwa mezani.

Mwalimu alikuwa ameketi pembeni, suti ya mtihani juu, suruali nyeusi isiyofanana nayo chini. Akangoja kicheko kipungue.

"Uliinua macho wapi?"

Wote wakainama mbele kungoja mzaha.

"Sikuinua," Kinyaa akasema.

Wakacheka zaidi. Kijana mnene akapiga meza. "Alisinzia," akasema mmoja wa nyuma.

Sijawahi kuona dharau ikibadilisha mwelekeo mbele ya macho yangu, na dharau naijua, mimi ndiye niliyeipa jina. Kinyaa aligeuka akawatazama wao kama alivyokuwa akiwatazama wale washairi wa wino.

"Mnacheka nini?" akauliza taratibu. "Mama amesimama mlangoni. Mtoto anapita na sauti yake, anaichezea, anawachekesha nayo wenzake wapuuzi, watu kama nyie. Mama anapunga mkono, na hakuna anayemwangalia, kwa sababu katika mji ule asiye na mtungi si mtu. Mlipofika hapo mlikuwa mnafanya nini? Wewe uliyelala mezani, ulisoma? Au ulingoja kuja kunisikia mimi?"

Kijana mnene akainua kichwa. Kile chumba cha watu waliokaa kimya wakimsikiliza, alichokitaka tangu utotoni, alikipata hapo, na sidhani hata alikiona.

Mwalimu Koti hakusema amefaulu wala ameshindwa. Aliandika kitu kidogo, akaweka kalamu. "Na mwisho wa hadithi, umeuonaje?"

"Mbovu," Kinyaa akasema. "Mtunzi alichoka akakimbia. Anasema binti alirudi akapiga magoti, mama akamsamehe, wakaangua kilio pamoja. Kilio kipi, na mtungi ni mmoja? Mama huyo, angekuwa mama ninayemjua mimi, kwanza angeuchukua mtungi wake. Angeuvaa kiunoni, akaukaza kamba. Halafu ndiyo angeanza kusema, na binti angekaa chini kusikiliza mpaka kuche."

"Hilo umelisoma wapi?"

"Halimo. Ndiyo nasema ni mbovu."

"Kaa," mwalimu akamwambia. "Umefaulu. Wiki ijayo niletee huo mwisho wako, wote, kwa mdomo."

"Somo si limekwisha?"

"La kwao limekwisha."