Besi Iliyoita Wamama na Unga

Hapana, wimbo wangu hautaki maneno, nilimjibu baba mdogo, kwa sababu maneno yapo tayari kwenye kitabu. Matarumbeta yatasema yale ambayo kitabu hakikuyasema. Akacheka. Akasema hajawahi kusikia wimbo usioimbwa, labda ule wa kuswagia ng'ombe.

Hiyo ni Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo na kila kitu naona kinachelewa. Baba mdogo aliongoza bendi ya kanisa letu: matarumbeta manne, besi moja kubwa ya kupuliza, iliyozibwa tundu kwa kiraka cha bati, na ngoma. Mimi kwenye kwaya nilifundishwa kuandika nota za do re mi, basi nikajiona natosha kutunga kitu kama zile orkestra za redioni, sio za dansi, zile za kukaa na kusikiliza.

Kitabu kilikuwa hadithi tuliyosoma shuleni. Familia inakimbia vita, inatoka kijijini alfajiri, maharage yanaachwa jikoni yanachemka. Kila nikisoma ukurasa ule nilisikia besi, chini kabisa, polepole, halafu tarumbeta moja inaingia kama mtu anayegeuka kutazama nyuma. Nikaandika hivyo hivyo. Nilitaka wimbo upigwe Jumapili ya mavuno, bila kubadilishwa hata nota moja.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Jumatano mchana. Besi ikaanza. Hatujafika mbali, nikaona wamama wanakuja, kanga kichwani, mmoja na kuni, mwingine na beseni la unga. Kwetu matarumbeta yakipigwa taratibu katikati ya wiki, ni msiba. Nalijua hilo tangu mtoto, na wala sikulifikiria.

Wapigaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama jirani, yule wa unga, alisimama mlangoni anafuta macho.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Tunafanya mazoezi."

"Sasa mbona mmeniliza?" Akajitwisha beseni lake. "Nyie watoto mna dhambi."

Walipoondoka, baba mdogo akasema mwanzo ule utoke. Tuanze na ngoma, mwendo wa haraka, la sivyo Jumapili haupigwi, maana watu wanakuja kushukuru kwa mahindi, hawaji kuzika. Nikabisha. Nikamwambia bila mwanzo ule ile familia haijaondoka nyumbani, inacheza tu.

"Hiyo familia mimi siijui," akasema, akaanza kufuta tarumbeta yake.

Nilirudi nimenuna. Jioni nachambua mchicha, hasira ikapungua, nikaona amesema kweli. Kitabu hajakisoma. Nilimletea nota, nikamtaka apige. Na yeye mwenyewe alitoka Burundi kwa miguu, kijana wa umri wangu, safari ambayo nyumbani kwetu haiongelewi. Sijawahi kumuuliza hata swali moja. Mama jirani naye alikuja njia ileile, na alilia kabla hajaambiwa chochote.

Nikaamua kesho yake asubuhi, kabla hajatoka kwenda shamba, niende na kitabu nimsomee ule ukurasa, bila haraka. Halafu nimuulize yeye siku ile walitokaje. Akisema walitoka mbio, basi besi nayo itakimbia.