Kura ya Kusimama

Mwalimu wetu wa hesabu pale chuoni Nakuru hafanyi swali ubaoni kabla hatujalipigia kura. Anaandika mfuatano wa namba, anapangusa chaki kwenye sketi ileile nyeusi, kisha anauliza kwa sauti ya mtu anayenadi viazi sokoni: "Huu unatulia ama hautulii?" Anayeona namba zinakaribia mahali pamoja anabaki ameketi, anayeona hazitulii anasimama. Nusu, robo, nusu ya robo: tunakaa, maana zinaelekea sufuri. Moja, mbili, tatu: tunasimama wote, hizo zimeenda.

Jumanne aliandika moja, hasi moja, moja, hasi moja, bila mwisho. Kigen, anayerudia somo hili mara ya tatu, alisimama, akakaa, akasimama tena. "Madam, haziendi mbali," alijitetea, "lakini pia..." Tukamcheka. Mwalimu alirusha chaki juu, akapiga makofi mpaka vumbi likamjaa kwenye miwani. "Usiache, Kigen! Simama, kaa, simama, kaa!" Akatugeukia. "Haya, mwenzenu atatulia wapi?"

"Hatatulia!" tulipiga kelele.

Kigen, jasho likimtoka, akasimama mara ya mwisho, na safari hii hakukaa.