Nywila Iliyokataa Jina Langu

Jamani, nilikosea, tena vibaya! Naandika huku nacheka na machozi yananitoka. Ukinihurumia, usinihurumie sana, kwa sababu niliyataka mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa Kitale, nauza miche ya parachichi. Jina langu nalificha, lakini bila jina kisa hakieleweki, kwa hivyo tuseme naitwa Lilian. Mchumba wangu anatoka Kabuchai, kule Bungoma. Tumwite Simiyu. Jumamosi ile wazazi wake walikuwa waje kwetu Saboti, hapo karibu na Kitale, kujitambulisha. Mama yangu alikuwa ameshapaka ukuta rangi!

Wiki hiyo hiyo nikanunua kompyuta mpya. Barua pepe zangu za zamani nikazihamisha, zikakaa vizuri, na mpya zikawa zinaingia. Kutuma ndiko kulikuwa balaa. Kila nikimjibu mteja, jibu linakwama, na kidirisha kinaruka kuniuliza nywila ya kutuma. Hiyo nywila aliiweka Simiyu zamani, mimi nikiwa jikoni nampikia chai. Kompyuta kuukuu ilikuwa inaonyesha vinukta tu.

Nikampigia Bungoma.

"Niaje mpenzi. Ile passwadi ya kutuma ni gani?"

Akacheka. "Si ni jina ya mtu napenda kuriko wote? Weka herufi ndogo."

Weee! Nilisikia utamu hadi vidole vya miguu. Nikaandika lilian. Ikakataa. Nikarudia polepole, ikakataa. Nikazima, nikawasha, nikahakikisha herufi kubwa hazijajiwasha. Wapi!

Hapo ndipo wivu ulipovuta kiti. Kama anayempenda kuliko wote si Lilian, ni nani? Nikajaribu jina la jirani yake. Nikajaribu la yule dada anayeimba naye kwaya. Yote yakakataliwa, na mimi nazidi kupanda moto tu!

Kumuuliza Simiyu tena? Thubutu! Nikampigia mama yake moja kwa moja, nikilia.

"Mama, msikuje Jumamosi. Mtoto wenu ako na mwingine."

Halafu nikazima simu. Ndiyo, nilizima! Akili ilikuwa imeniaga.

Kesho yake asubuhi Simiyu huyo mlangoni, shati amelivaa ndani nje.

"Ririan, ati niko na nani?"

"Wewe andika passwadi nikiona!" nikamfokea.

Akaketi, akabonyeza kwa kidole kimoja, nami nimekodolea macho kila herufi. R, i, r, i, a, n.

Barua zikaanza kutoka, zinafuatana! Mimi niko sakafuni nacheka kama mwendawazimu. Kumbe miaka hiyo yote ananiita hivyo, na masikio yangu yamemzoea mpaka yananisomea Lilian. Mtoto wa watu aliandika anavyotamka, na alikuwa amenipenda mimi tu!

Lakini maneno yalikuwa yameshafika Kabuchai. Baba yake alikasirika na safari ikavunjwa. Mama yangu hakunisemesha siku nzima, na aibu niliyoona sitaisahau. Nilifikiri nimempoteza Simiyu hivi hivi, kwa upumbavu wangu.

Baadaye Simiyu alipomweleza mama yake ukweli, mama akatoa sharti. Watakuja, ila nirudie mbele ya wazee wote yale niliyomwambia kwa simu, na nimtaje huyo mwanamke.

Siku ilipofika nikasimama sebuleni, nikasema yote.

"Na huyo mwingine ni nani?" mama yake akauliza, uso mkavu.

"Ni mimi, mama."

Mzee mmoja akapaliwa na chai, na nyumba nzima ikaangua kicheko! Baba mkwe alipiga meza hadi vikombe vikaruka.

Ninyi wenzangu mnaosoma, nawaomba kwa magoti, kompyuta ikikukatalia gombana nayo peke yake. Mama mkwe usimpigie. Mimi niliponea chupuchupu, kwa kuwa wangu alinishika mkono, akapangusa macho yake kwa leso, akawageukia wazee akasema, "Basi huyo mwingine ndiye tumekuja kuchukua."