Vijana Waliokikimbia Kiti Changu cha Kunyolea

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika wembe. Mume wangu, Baba Marie, alikuwa kinyozi wa barazani pale Kamalondo, enzi hizo mji wetu ukiitwa Élisabethville. Kazi alijifunzia katikati ya mji, kwenye saluni ya Wazungu, ambako kwa miaka mingi waliishia kumruhusu atengeneze povu tu. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, aliniita barazani akanikabidhi bakuli, sabuni na burashi ya nywele za nguruwe.

“Hapana kusonga kama bukari, mama,” aliniambia, maana nilikuwa nakoroga kama nasonga ugali jikoni. “Burashi iko inacheza, haiko inapigana.”

Baba Marie alikuwa bosi mkali kuliko Mzungu yeyote. Burashi ilowe kwanza kwenye maji ya moto, mpaka nywele zilegee, ndipo unaikung'uta. Ukiacha maji mengi unapata mapovu makubwa ya kufulia nguo, yanayokauka shavuni kabla wembe haujafika. Maji ya bomba ya kwetu nayo yana chokaa, sabuni haiyapendi, kwa hiyo nilikinga maji ya mvua kwenye pipa na kuyabania hadi kiangazi. Povu zuri ni zito na laini, ukipindua bakuli halidondoki. Unalipaka kwa kuzungusha, ukiziinua ndevu kutoka kwenye ngozi, halafu unangoja kidogo zilainike.

Mikono ya mume wangu iliposhindwa kabisa, nilichukua na wembe. Sikuomba ruhusa. Watoto walikuwa wanakula kutokana na kiti kile, na mimi sikuwa tayari kukiona kinafungwa. Habari zikamfikia shefu wa cité, mwakilishi wa serikali katika mtaa wetu, naye akaja amevaa kofia yake ya kazi.

“Mwanamuke kushika wembe ku shingo ya mwanaume? Kesho ninafunga hii baraza.”

“Shefu, ikala kwanza,” nikamjibu. “Nitapakala povu tu. Ya wembe, utaniambia weye mwenyewe.”

Akakaa, nadhani kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Nikalifanyia kazi lile povu kuliko siku zote. Nilipomaliza kumpaka alikuwa amefumba macho, mabega yameshuka. Nikasimama na bakuli langu mkononi.

“Unangoya nini?” akauliza. “Endelea.”

Baada ya hapo wateja walijaa, hasa makapera, wanaopenda kung'aa siku ya Jumapili. Kisha, binti yangu Marie alipokuwa mwari, makapera wakaanza kupungua. Wazee walikuja, wenye wake walikuja, lakini vijana walipita ng'ambo ya barabara wakiniamkia kwa mbali. Nilinoa wembe upya, nikabadilisha sabuni, nikaonja hata maji ya pipa. Sikulala vizuri. Kiti cha kinyozi bila vijana hakimalizi mwaka, na mimi sikujua kosa langu.

Nikaamua kumkamata mmoja wao. Kasongo, kijana wa reli aliyesafiri na treni za Sakania, alikuwa anapita na ndevu kama kichaka.

“Kasongo, ile ndevu iko natisha batoto. Kuya, ikala.”

“Mama, siwezi.”

“Unaogopa wembe ya mwanamuke?”

Akatazama chini. “Hapana, mama. Niko naogopa buko.”

Wazee waliokuwa wakingoja zamu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Buko ni heshima ya ukwe: kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawashikani, sembuse kupakana povu usoni. Kumbe kila kapera wa Kamalondo alikuwa anamtaka Marie, na hakuna aliyethubutu kujiharibia kwa kukaa kwenye kiti changu. Mimi nalaumu sabuni, kumbe ni binti yangu.

Ningeweza kumpeleka Marie kwa dada yangu ili vijana warudi. Sikufanya hivyo, mtoto si bakuli la kuhamisha. Jioni nikamwuliza kama kati ya wote wale yupo anayempenda. Akajibu bila kunitazama kwamba ni yule mwenye ndevu kama kichaka. Siku posa ya Kasongo ilipokubaliwa, makapera wengine walipanga foleni barazani, wamenuna na ndevu zao ndefu. Nikawanyoa wote.

Uso mmoja tu ulinikimbia maisha yangu yote, na uliniuma. Jumapili nilimwona mkwe wangu kanisani amejikatakata kidevu, mikono ikaniwasha. Nikawa namfundisha kupitia mke wake: mwambie akung'ute burashi, mwambie asiwe na haraka. Sasa ananyolewa vizuri, na Marie.

Ndiyo, kiti nimemwachia Marie, macho yangu hayanitoshi tena. Nyinyi vijana mnaonisoma mna mashine na povu la mkebe, na mnanyoa kwa dakika. Mimi najivunia kwamba kiti kile hakikufungwa hata siku moja. Marie naye ana mabinti watatu, wazuri kuliko alivyokuwa yeye. Makapera wameanza tena kupungua barazani, naye ananijia ana wasiwasi. Namwambia atulie, aniwekee mimi stuli mlangoni, na kijana yeyote atakayepita na ndevu ndefu, mimi nitamwuliza anamtaka yupi.