Mgongo wa Mhadhiri

Nisikilize, ndugu yangu, wewe unayeweza. Nitakwenda polepole, na popote utakapoachwa nyuma, rudi juu usome tena. Sitakuona mjinga.

Nilipoteza usikivu nikiwa na miaka saba, kwa homa. Mama alinifundisha kusoma midomo jikoni kwetu Madungu, mtaa wa Chake Chake, akinishika kidevu kila nilipotazama pembeni. Kisha ikaja miaka ya vyama vingi, na mtaa mzima ukateremsha sauti. Wa chama hiki hawakuamkiana na wa chama kile, na barazani mambo yakasemwa kwa kunong'ona. Wenzangu walilalamika kuwa hawasikii kitu. Mimi sikupungukiwa hata neno, maana kwa anayesoma midomo, mnong'ono na sauti ya juu ni mamoja. Nikaamini hakuna mtu atakayenishinda kumfuata anaposema.

Chuo kikuu nikakutana na mgongo.

Mhadhiri wetu alikuwa akisema huku anaandika, uso ubaoni. Siku ya jaribio la mwisho wa mwaka alitutajia maswali kwa mdomo, huku bado anachora mchoro wake. Nikanyoosha mkono mpaka mwenzangu akamwita.

"Mwalimu, naomba ugeuke. Mimi sisikii."

Akageuka kidogo tu. "Kaa mbele, binti, ukodoe macho."

"Nimekaa mbele. Naona koti tu."

"Basi soma koti!"

Niliona mabega ya darasa zima yakitikisika kwa kicheko. Karatasi yangu niliirudisha nyeupe, nikafeli, nikarudia mwaka. Ndani ya mwaka huo mama alifariki. Alikwisha nunua kanga ya kuvaa siku ya joho langu la mahafali. Niliikuta sandukuni, bado haijakatwa.

Kwa hiyo mhadhiri yule sikumsamehe. Tulipokutana mjini Chake Chake nilimwitikia salamu, kwani kuitikia ni wajibu. Zaidi ya hapo hakupata kitu kwangu.

Miaka ikapita. Chuo kimoja hapa kisiwani kikaniita niwaeleze wahadhiri namna ya kuwafundisha wanafunzi wasiosikia. Naye alikuwa akifundisha hapo. Nikamkuta safu ya mbele, kichwa kimejaa mvi. Nilikwisha ambiwa kuwa darasani mwake yumo msichana kiziwi kutoka Wete, na kwamba wiki inayofuata atampa jaribio.

Nikawagawia karatasi, nikageukia ubao na kuwapa mgongo wa buibui langu, nikafundisha robo saa nzima. Kila neno nililitamka kwa midomo bila kutoa sauti. Usidhani nilifanya mzaha. Lilikuwa somo kamili, nililiandaa kwa siku tatu. Nilipomaliza nikageuka na kusema kwa sauti, "Haya, maswali matano. Majibu yote nimeshayasema."

"Bi, hatukusikia kitu," akasema yule mhadhiri wangu.

"Kodoa macho, Mwalimu."

"Tumeona buibui tu!"

"Basi soma buibui."

Nikasubiri. Midomo yake ikajongea taratibu, nami nikaisoma: koti.

Nilimsahihishia karatasi mbele ya wenziwe. Sifuri kwa tano. Akanyoosha mkono arudishiwe.

"Hii inabaki kwangu," nikamwambia. "Wewe utarudia mwaka."

Wenziwe wakacheka, nami nikawaacha wacheke mpaka wakachoka. Sikufichi, ilikuwa tamu. Baada ya hapo nikarudi kwenye kazi iliyonipeleka: nikawaeleza taratibu, kila mmoja kwa zamu, wapi pa kusimama na lini wafungue kinywa. Naye nilimweleza vizuri kama wengine. Sikutaka apate kisingizio.

Wiki iliyofuata msichana wa Wete akaniletea ujumbe wa simu. Mhadhiri aliyaandika maswali yote ubaoni, na kila aliposema aligeuka kwanza. Amefaulu. Nilimpongeza yeye peke yake. Ile karatasi ya sifuri ninayo mpaka leo, nimeikunja ndani ya kanga ya mama.

Na wewe unayefundisha: andika ubaoni, weka chaki chini, geuka, ndipo useme.