Machozi ya mdogo wangu kanisani

Wengi hukosea hapa: hudhani jicho linalotoa machozi haliwezi kuwa kavu.

Leo Sabato, hapa Ekerenyo, mdogo wangu Onchari alisoma Neno bila miwani. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa macho wa leza. Mimi, ambaye wote hapa huniita Mwalimu, nimesoma pale mbele miaka mingi na miwani yangu mizito. Wivu ulinishika, mnicheke tu.

Mara akaanza kutokwa na machozi.

"Roho amemgusa!" akina mama wakanong'ona. Mmoja akampelekea leso. Mimi sijawahi kupelekewa hata maji ya kunywa!

Nje nikamuuliza, "Unatia yale matone ya daktari?"

"Niliacha. Ya nini, Mwalimu, na macho yamejaa maji?"

"Yanawasha?"

"Kama nimekaa kwa moshi wa kuni."

Nikamweleza. Baada ya leza jicho huweza kukauka. Likikauka huwashwa, kisha hujimwagia maji mepesi yasiyokaa jichoni; matone ndiyo hulilainisha.

Macho ninayoyatamani hivyo, na mwenyewe anayapuuza! Hilo liliniuma kuliko leso.

Kama ulifanyiwa leza na macho yanawasha au yanatoa machozi, mpigie daktari wako leo.